Kofia ya Mngoni

Wifi yangu Rahima alirudi kutoka semina ya Masasi na begi jipya la kitambaa na cheo kipya. "Wifi," akaniambia, "kuanzia leo mimi ni mchechemuzi." Nikamtazama miguu yote miwili. "Unachechemea wa kushoto au wa kulia?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kama mnataka kumjua Rahima, anzeni hapo: haudhiki. Nimejaribu tangu alipoolewa na kaka yangu, na mimi kuudhi watu sijambo.

Mchechemuzi, kumbe, ni mtu anayelisukuma jambo la watu mpaka wakubwa walitekeleze. Huko semina sifa zake ziliandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani: uvumilivu, usikivu, ujasiri, na nyingine ambazo Rahima alizisahau kabla basi halijafika Newala.

Jambo letu lilikuwa maji ya zahanati. Kijiji chetu, jirani na Mkunya, kiko juu kabisa na maji yako chini bondeni. Mama anayekwenda kujifungua huenda na ndugu wa kumshika mkono na mwingine wa kubeba dumu, maana nesi Selestina ana mikono mizuri lakini hana cha kuinawia. Bomba kubwa lilipita barabarani tunaliona, ila kuliunganisha na zahanati ndiko kulikoshindikana. Na mwanangu Naima alikuwa na mimba yake ya kwanza. Niliogopa, sitawaficha.

Mwenyekiti wetu, Mzee Hamidu, alikwishakwenda ofisi ya maji mara nyingi, na kila akienda aligonga meza. Mimi nilimshauri agonge zaidi.

Rahima hakuanzia ofisini. Alianzia kwa mama muuza chai aliye nje ya ofisi, akanywa, akasikiliza, akanywa tena. Akarudi na habari moja: injinia mpya anaitwa Erasto, Mngoni wa Songea.

"Basi tumekwisha," nikasema.

"Tumepata, wifi. Huyo mtani wetu."

Na mtani, kama mjuavyo, anaruhusiwa kusema neno ambalo mwingine akilisema anaitiwa mgambo.

Injinia alipokuja kukagua lile bomba la barabarani, tuliona kijana mrefu, kavaa kofia ya kijani yenye ukingo mpana. Wanaume walimzunguka kwa malalamiko. Rahima akapita katikati yao.

"Mngoni! Umerudi kutukimbiza tena?"

Kijana akashtuka, kisha meno yote yakatoka nje. "Nimekuja kuwahesabu, nyie wala panya. Mmebaki wangapi?"

"Tumebaki wenye kiu. Babu zako walikuja na mikuki, babu zetu wakakimbilia huku juu kusiko na maji. Kosa ni lenu. Fidia yangu ni bomba, na nalitaka pale." Akaonyesha zahanati. Kisha akainua mkono, akamvua ile kofia mbele ya watu wote na kuivaa juu ya ushungi wake. "Hii utaipata siku mtoto wa kwanza atakapoogeshwa kwa maji ya bomba ndani ya zahanati ile."

Mzee Hamidu nusura azirai. Injinia alicheka, lakini nilimwona akijipapasa utosi. Jua halina mtani.

Tangu hapo Rahima hakuivua. Alipalilia mikorosho nayo, akaenda sokoni nayo, na akaenda nayo ofisi ya maji, ambako hakugonga hata meza moja. Aliwaamkia wote, akianzia kwa mlinzi, na kuwaulizia watoto wao kwa majina. Ikawa wakimwona tu getini wanapaza sauti: "Injinia, kofia yako imekuja!" Mtu akichekwa na wenzake namna hiyo, faili lake huota miguu.

Bomba likaja. Siku ya uzinduzi Mzee Hamidu alishika kipaza sauti akasema "mimi" mpaka spika ikaanza kupiga miluzi. Nikainuka nimkumbushe kazi ilikuwa ya nani. Rahima akanivuta gauni.

"Mwache, wifi. Akijiona ndiye mwenye bomba, atalilinda."

Injinia naye akaomba kofia yake.

"Mtoto hajaoga," Rahima akamjibu. "Hotuba haziogeshi mtu."

Watu walisema sasa anazidisha. Kesho yake bomba likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Wageni walikwishaondoka na picha zao, na Naima alikuwa anahesabu siku. Mimi nilitukana bomba, nikamtukana Hamidu, nikatukana na semina. Rahima akaikaza kofia kichwani, akapanda bodaboda.

Jioni alirudi kwa miguu. Pikipiki ilikuwa imemharibikia njiani na kandambili yake imekatika.

"Wa kushoto, wifi," akasema kabla sijamuuliza. Kweli alikuwa anachechemea.

Nikamkanda mguu kwa maji ya moto. "Umemwambia nini huyo Mngoni?"

"Nimemwambia kofia yake imeanza kuniwasha kichwa."

Siku ile nilimwambia nampenda, neno ambalo wifi halitoi ovyo.

Injinia akaja mwenyewe na mafundi wake. Walikuwa bado juu ya tangi la zahanati Naima aliposhikwa na uchungu. Nikamkokota, mkono mmoja kiunoni kwake na mwingine umeshika dumu kichwani. Selestina akatupokea mlangoni.

"Mama Naima, hilo dumu la nini?"

Akafungua koki. Nnungu wangu, yale maji! Niliangua kilio pale pale, hata Naima, na uchungu wake wote, akaniuliza, "Mama, kwani unazaa wewe?"

Alizaliwa msichana, akaogeshwa, akalia kwa hasira kama bibi yake. Rahima akatoka nje, akavua kofia na kumkabidhi injinia kwa mikono miwili. Kijana akainusa. Ilinuka moshi wa jikoni kwetu, lakini akaivaa.

Kisha akanigeukia mimi, akanipokonya dumu langu la njano.

"Na mimi ni mtani," akasema. "Hili nimechukua. Halina kazi tena hapa."

Mtani akichukua hakasirikiwi, ndiyo desturi. Lakini dumu lile ndilo mama yangu alilolibeba kichwani siku nilipokwenda kumzaa Naima. Nilifungua mdomo nimtukane, matusi yakanikimbia.

"Lichukue, baba," nikasema.

Akalifunga kwa kamba nyuma ya gari, wakaondoka nalo.