Noeli ya Figo ya Kushoto

Mama aliamua mwenyewe kwamba figo nitakayompa mdogo wangu ni ya kushoto. Daktari wa Mbarara hakuwahi kutaja upande, lakini mama hakuwa mtu wa kumngoja daktari. Mwezi mzima wa Desemba akanikataza kulalia ubavu huo, kupanda baiskeli, kubeba jerikeni na kukalia jiwe baridi. Asubuhi aliniletea maziwa ya mgando, mchana maji jagi zima, akasimama mlangoni mpaka nimalize. Nilikuwa mwanamume wa miaka ishirini na saba, mwenye shamba langu la mahindi, na nilinyweshwa kama ndama.

Mdogo wangu, msichana wa miaka ishirini na mbili, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki alilazwa kando ya mashine hospitalini, damu yake ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa. Kwa sababu ya mashine hiyo aliishi kwenye chumba cha kupanga mjini Mbarara pamoja na shangazi, nasi tukabaki Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tulikofika tukiwa watoto kutoka Kivu ya Kusini, Kongo. Mjomba wetu aliyehamishiwa ng'ambo, pamoja na kanisa lake, walikubali kubeba gharama ya safari ya India na upasuaji. Vipimo vilionyesha kwamba mama ana presha, hafai kutoa, na kwamba mimi nafaa. Zilibaki hati za kusafiria, ambazo tuliambiwa zitatoka baada ya sikukuu, na sahihi yangu.

Ndiyo yangu ya kwanza niliisema kanisani. Jumapili moja baada ya vipimo, mchungaji aliniita mbele, akaniwekea mkono begani, akauliza kwenye kipaza sauti kama niko tayari. Kanisa zima lilikuwa limesimama. Kinamama walianza vigelegele kabla sijafungua mdomo. Ni nani angesema hapana pale? Nikasema ndiyo, wakaimba, nikarudi kwenye benchi. Tangu siku hiyo nilipoteza jina langu. Watu niliokutana nao njiani kwenda sokoni Rwekubo hawakuniuliza hali yangu, waliniuliza figo imeamkaje.

Nilikuwa naogopa. Ninaliandika hilo wazi sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Niliogopa kulala usingizi wa dawa nisiamke. Niliogopa pia kuamka nikiwa nusu mtu asiyeweza kushika jembe. Nilimpenda mdogo wangu na nilikuwa naogopa, na hayo mawili hayakupunguzana hata kidogo.

Wiki moja kabla ya Noeli daktari aliniita Mbarara, akamwomba shangazi atoke, akafunga mlango. Alikuwa mtu wa huko huko, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda, kifupi na kikavu. Aliniambia hakuna mtu wa kunilazimisha. Kama sitaki, nimwambie yeye peke yake. Ataandika kwamba vipimo vya mwisho vimenikataa, na hata mama hatajua. Akanipa muda mpaka baada ya sikukuu.

"Fikiria polepole," akasema. "Hii ni mwili yako."

Nilirudi Juru nikiwa mwepesi, na jambo hilo bado linaniaibisha. Njia nzima nilijaribu kichwani sauti nitakayotumia kumwambia mama kwamba vipimo vimenikataa. Nilijaribu ya mshangao, nikajaribu ya huzuni. Ya huzuni ilinitoka vizuri zaidi.

Mdogo wangu aliletwa nyumbani siku moja kabla ya Noeli, akitokea kwenye mashine, na siku ya pili baada ya Noeli alitakiwa kurudi huko. Miguu ilikuwa imevimba na ngozi imepauka, lakini alishuka garini akicheka. Alinitazama tumbo, akasema nimenona. Mkononi alikuwa na kikombe kidogo cha plastiki. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake cha maji kwa siku nzima, na alikunywa kwa kulowesha midomo tu. Mama hakuacha kuniletea jagi. Ilibidi nianze kunywa nyuma ya nyumba, nimejificha, nikisikia aibu kila ninapomeza.

Siku ya Noeli tulitoka kanisani, mbuzi akachinjwa, majirani wakaja. Kulikuwa na wali, sombe ya majani ya muhogo na viazi. Sahani ya mdogo wangu ilikuwa na wali usio na chumvi, kabichi iliyochemshwa mara mbili na kipande cha nyama kisichozidi kidole gumba. Yangu mama aliileta mwenyewe kwa mikono miwili. Juu ya wali alikuwa ameweka figo zote mbili za mbuzi, zimechomwa nzima nzima. Alisema zitaitia nguvu ile ya kwangu, na majirani wakaitikia amina.

Nilizitazama. Zilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Mkono ukakataa kabisa kuzigusa. Mdogo wangu aliniona, akaanza kucheka mpaka akakohoa, shangazi akampigapiga mgongoni. Nikasema nimeshiba. Mama akazifunikia bakuli, akaahidi nitazikuta jioni.

Mchana watu wote walikwenda uwanjani, vijana wetu wakicheza mpira na wa kijiji cha jirani. Mimi mpira nilikatazwa, na yeye hakuweza kutembea mbali, kwa hiyo tukabaki wawili nyuma ya jiko, kwenye kivuli. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua maharagwe ya kesho, ambayo yeye mwenyewe alikatazwa kuyala. Kisha akaniuliza kama daktari ameshaniita peke yangu. Nikajibu kwamba aliniita, mambo ya vipimo tu.

"Ni mimi nilimuomba akuite," akasema, akiniita Yaya, kaka mkubwa, kama alivyozoea. "Nilimuambia afunge mulango. Weye, Yaya, huwezi kukatala kitu mbele ya batu."

Nilitaka kukasirika. Nafasi ile niliyoifurahia njia nzima, ni yeye aliyeniombea. Na aliiomba akijua kwamba nikiitumia, yeye atabaki na mashine mpaka mashine yenyewe ishindwe.

Nikamwambia naogopa. Nilimwambia yote, hata ile sauti ya huzuni niliyoifanyia mazoezi. Akataka kuisikia. Nikaitoa, na akasema nishukuru sikuitumia, maana mama asingeiamini hata kidogo. Tulicheka kidogo. Kisha akaacha kuchambua.

"Na mimi niko naogopa," akasema. "Si kukufa. Naogopa unipe, kisha ikatale mu mwili yangu. Utakuwa umekatwa bule. Nitakutazama na uso gani?"

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba anayepokea naye ana hofu yake. Miezi yote ile nilijiona mimi tu ndiye wa kupoteza kitu. Kumbe alikuwa akilala kwenye kile chumba cha Mbarara akihesabu hasara yangu pamoja na yake, na hakuna aliyemwita pembeni kumuuliza.

"Ikisha kutoka kwangu, ni yako," nikamwambia. "Fasi yote, kila pahali utakwenda nayo, ni yako. Hata ukikufa kesho yake, utakufa na figo yako. Sitakuuliza kitu."

Aliniuliza kama nasema kweli. Nikasema kweli, na nilishangaa kujisikia, kwa sababu ilikuwa kweli. Akaweka ungo chini, akalia, na mimi nikalia. Kutoka uwanjani tulisikia watu wakishangilia bao, hatukujua la nani.

Siku ya kurudi kwenye mashine nilimsindikiza Mbarara. Daktari aliniita tena peke yangu, akaniuliza nimefikiri nini. Nikamjibu kwamba naogopa sana, na kwamba anipe karatasi nitie sahihi.