Ndoo ya Mgeni wa Mama

Nilimkana bibi yangu, na kwa miaka mingi nilikana hata hilo. Ndizi zikichacha jikoni, namwona tena uani kwetu Kariakoo, ametoka Kilimanjaro na kikapu cha kahawa mbivu, maana hakumwamini mtu mwingine kuiosha. Aliimenya kwa vidole, akailoweka kwenye ndoo mpaka ute wa buni uachie. Kesho yake ua mzima ulinuka uchachu.

“Kwenu mnapika gongo!” watoto wa jirani walinizomea.

“Huyo si bibi yangu. Ni mgeni wa mama.”

Bibi, kanipa mgongo, aliendelea kuosha. Nilijiaminisha hakusikia, mpaka nilipohitimu chuo kikuu, akapiga simu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Ni yule mgeni wa mama yako. Hongera.”