Pembetatu Nyembamba za Lambo la Haneti

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya usanifu wa malambo, Dodoma, nilivaa sketi mpya nikidhani nitapewa meza ya mhandisi. Mhandisi Mkuu alinipa penseli, ufutio na karatasi ya miraba yenye mchoro wa tuta la lambo. "Ligawe tuta hili kwa pembetatu," alisema, "na usiniletee miiba."

Nyie vijana mnaobonyeza kitufe, nisikilizeni. Tuta la udongo halikokotolewi zima zima. Unaligawa kwa wavu wa pembetatu, na kompyuta inakadiria ndani ya kila moja jinsi maji yanavyopenya. Pembetatu yenye pande zinazokaribiana kwa urefu inatoa jibu la kuaminika. Iliyochongoka, ndiyo tuliyoiita mwiba, inaharibu hesabu, tena kimyakimya. Ndiyo maana tulizirekebisha. Fundo, yaani pale mistari inapokutana, tulilisogeza katikati ya majirani zake. Au tulifuta mstari unaotenganisha pembetatu mbili, tukauchora upya kuunganisha zile pembe mbili zilizokuwa zinatazamana. Mhandisi Mkuu alipitisha kidole kila kona, na akikuta mwiba anakurudishia karatasi nzima.

Ikaja enzi ya ruksa, ya soko huria. Mhandisi Mkuu akapunguzwa kazi, akaletwa Meneja wa Miradi, na usanifu wakapewa washauri binafsi. Mshauri wa lambo la Haneti alikuja na picha za rangi za majibu ya kompyuta, Meneja akatabasamu wiki nzima. Mimi niliomba kuuona wavu wenyewe. Chini ya tuta, kwenye tabaka jembamba la mchanga ambamo maji yangepita, palijaa miiba mitupu.

Nikaurekebisha, nikapiga hesabu upya. Maji yangetoka kwenye kitako cha tuta kwa nguvu ya kuhamisha udongo. Palihitajika chujio la kokoto na mchanga, lipitishe maji na kuzuia udongo. Nikampelekea Meneja.

"Mama, bado uko kwenye penseli?"

"Niko kwenye tuta. Litatoboka."

"Mshauri kasoma Ulaya, wafadhili wanasubiri. Achana na vipembetatu vyako."

Vipembetatu! Mpaka leo damu inanichemka.

Lambo likajengwa bila chujio. Mvua zikalijaza, watu wakachinja mbuzi. Kisha maji yakaanza kutoka kitakoni yakiwa na tope, na tuta likakatika. Watu walinusurika, lakini mashamba ya uwele yalisombwa, na maji ya kunyweshea mifugo yakapotea. Nilipofika na Meneja, mama mmoja mwenye ndoo alituuliza, "Sasa bwana mkubwa, tutakunywa nini?"

Meneja akamjibu kwamba mvua ilizidi.

"Haikuzidi," nilisema mbele ya wote. "Tuta lilisanifiwa vibaya, na ofisi iliambiwa."

Nikahamishiwa stoo ya Kizota, nikalinda mabomba hadi kustaafu. Meneja akaendelea kuhubiri mvua kwenye kila mkutano.

Sijutii stoo hata kidogo. Wahandisi wapya wakiniletea kazi zao, sitazami rangi. Nawaambia wafungue wavu na waoneshe kona finyu. Wengine wananiita mkorofi, na waniite.

Baada ya kustaafu nilikwenda Haneti. Yule mama wa ndoo alikuwa anachimba maji kwenye mchanga wa korongo, hakunikumbuka. Aliniambia walikuwa na lambo zamani, ila Mungu aliwaletea mvua kubwa mno.

"Si Mungu, mama," nikamwambia. "Ni ofisi yetu."

Akaniangalia kwa hofu, kama mtu aliyesikia kufuru, akaniomba nisirudie tena.