Baba mdogo anatafsiri, dada yangu anameza

Admin, ficha jina langu na la mtaa wetu, sema tu natoka Baraka, huku Kongo kando ya ziwa. Hili sijamwambia mtu hata mmoja: mkono wa baba yangu mdogo ukinipa chakula, nasikia kutapika. Msiwaze yale mengine, hajanigusa. Ni mdomo wake unaonichafua roho.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko shuleni. Darasani tunasoma kwa Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili. Mimi si mtu wa maneno. Mwalimu akiniuliza kitu nachojua, namwachia mwenzangu ajibu. Tangu baba yetu afariki, mimi, mama na dada yangu tunaishi kwa baba mdogo, ambaye ni infirmier, muuguzi, pa kituo cha afya. Dada yangu, nimwite Riziki, ana kifafa. Aliwahi kuangukia moto, shavu moja liliungua, na watu wakiona povu wanakimbia kwa sababu wanadhani linaambukiza.

Basi walikuja waganga wa hospitali wenye majaribio ya dawa ya kifafa. Wagonjwa wengine wanapewa dawa mpya, wengine ile ya zamani, ili ijulikane ipi inasaidia zaidi. Mama alikubali, Riziki akaingia. Baba mdogo ndiye aliyechaguliwa kufundisha wazazi namna ya kumezesha watoto, na kutafsiri, kwa sababu docteur mwenyewe, mama mmoja mpole, ametoka Kinshasa na Kiswahili hakijui.

Juzi docteur aliwaita wazazi wote pa salle ya parokia, ule ukumbi mkubwa. Akasema anataka kusikia kila kitu, kizuri na kibaya, hakuna wa kugombezwa. Mimi nilikaa nyuma nikimshika Riziki, maana siku hizi anayumba kama mlevi.

Akasimama mama mmoja wa kijiji cha Lweba, mume wake anavua. Aliongea kwa furaha kabisa, kama mtu anayetoa habari njema.

"Docteur, sisi tulikataa mutoto moja apone, mwenzake abaki anaanguka. Kila siku ya Mungu, misa ya Jumapili ikiisha, tunamwanga vidonge vyote mu sahani moja, vya mupya na vya zamani, tunagawa. Kila mutoto anapata ku vyote."

"Kama samaki ya wavu!" akadakia mama mkimbizi wa Burundi. "Hapa hakuna wa kurudi na beseni tupu!"

Salle nzima ikacheka. Na kweli huku kwetu ukisaidia kuvuta wavu, huwezi kurudi mikono mitupu. Hawakuficha. Kwao ulikuwa upendo, na mama yangu alikuwa kati yao akitingisha kichwa kukubali.

Docteur akamgeukia baba mdogo. Baba mdogo akapangusa jasho kwa leso, akatabasamu, akamwambia kwa Kifaransa kwamba wamama wanashukuru sana, na kila mtoto anameza dawa yake vile alivyoagizwa.

"Parfait," docteur akasema, yaani vizuri kabisa. Halafu akaeleza kwamba kama ni hivyo, wataweza kupandisha dozi ya dawa mpya.

Hayo ndiyo baba mdogo aliyoyatafsiri bila kukosea: "Bamama, banatuongezea dawa!"

Vigelegele! Wamama wakasimama, wakapunga vitambaa. Dozi ikipanda juu ya mchanganyiko ule, walikuwa wanashangilia sumu ya watoto wao na hawajui, na yule mtu amesimama mbele yao anapiga makofi pamoja nao. Udenda wa Riziki ulikuwa unatiririka kwenye kikwembe nilichojifunga. Nikamwangalia baba mdogo, naye akaniona.

Tulipofika nyumbani aliniita uani.

"We, mbona uliniangalia vile?"

"Hapana, baba."

"Ulisikia Kifaransa?"

"Kidogo."

"Basi hiyo kidogo ibakie ku masomo. Nikisema banachanganya, docteur atasema ni mimi nilishindwa kubafundisha. Jina yangu itakuwa nini? Na ile majaribio ikifungwa, dada yako atameza nini? Mate yake?"

Halafu akacheka peke yake. "Batu banagawa vidonge kama ndagala za wavu! Weee!"

Nikamwambia kwamba Riziki anatapika, analala na tonge mdomoni.

"Atazoea," akasema. Akaenda kunawa kwa ile dawa ya mikono ya kizungu, akarudi na harufu yake, akamega samaki, akamlisha Riziki, akamtia na kidonge. "Meza, mama, upone." Kwa sauti tamu. Mimi nilikimbilia nyuma ya choo, yote niliyokula yakatoka.

Nilijaribu kumweleza mama. Nilipotamka tu jina la baba mdogo akanikata: "Usimudharau baba yako! Nani mwingine anatubeba hapa?" Nikaenda kumpangusa Riziki mdomo.

Na kuna jambo linanifunga zaidi. Mtoto wa yule mama Mrundi, tangu waanze kugawana, haanguki tena. Anacheza na wenzake. Nikisema, labda atafukuzwa kwenye majaribio na wote watafukuzwa, na wamama watanichukia. Nisiposema, dozi itapanda na Riziki ndiye atakayekuwa wa kwanza kuimeza. Leo docteur anapita nyumba kwa nyumba kuona wagonjwa kabla ya kuipandisha. Nimejifungia chumbani na simu ya mama.

Ninyi mlio wengi hapa, wenye watoto, waganga, hata wenye haya kama mimi: niseme au ninyamaze? Nikifungua mdomo nianze na neno gani?

Nasikia viatu uani, vya watu wawili. Docteur anauliza kwa Kifaransa mgonjwa anaendeleaje. Baba mdogo anajibu: très bien, vizuri sana, dada yake atakuambia, ila huyo ni bubu kidogo. Wanacheka. Wamefika mlangoni, naficha simu. Nijibuni upesi, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa. Vyote nasikia.