Mipini Niliyoilainisha

Juzi asubuhi mwalimu wa darasa la watoto wadogo ambako mimi huenda kujitolea kufundisha kuchora alinipigia simu. Aliniambia kwamba mzee mchonga makasia wa Lubunga, ng'ambo ya mto, ambaye sote tulimwita papa, yaani baba, amefariki, na kwamba wameshamzika. Nilimuuliza kama ana hakika, swali la kijinga, kwa kuwa nilijua mzee alikuwa mgonjwa tangu mvua zilipoanza. Aya hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaeleza ninyi wasomaji habari za mtu huyu bila kugusa habari zangu, na namna hiyo sijaipata.

Darasa letu lina watoto wa miaka minne na mitano ambao vidole vyao havikunjuki vizuri, au mikono yao inatetemeka. Papa alifika mara ya kwanza kutengeneza benchi. Akiwa amepiga magoti na nyundo yake, alimwona msichana mmoja akiangusha brashi, akiokota, akiangusha tena. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mkono wa mtoto huyu ndivyo ulivyozaliwa. Yeye hakushusha sauti yake. “Mukono haiko na kosa,” akasema. “Muti ndiyo iko na kosa.” Akamtuma mwalimu kununua kwanga, ule muhogo uliopondwa na kupikwa ndani ya majani, akamega kipande, akamwambia msichana akifinye kwa nguvu zake zote. “Finya kama mutu alikuibia beignet.” Msichana akacheka kwa kusikia habari ya andazi, akafinya. Papa akakifunga kile kipande ndani ya majani yake, alama za vidole zikiwa juu yake, akavuka nacho mto kurudi kwake. Alikuwa mzaliwa wa Isangi, wa ukoo wa wavuvi, na aliniambia kwamba kwao kasia huchongwa kwa kipimo cha mkono wa atakayelipiga. Ukimwazima mwingine, litamchubua.

Wiki iliyofuata alileta mpini wa mti mwepesi, umejaa mabonde na vinundu, na tundu la kuchomekea brashi upande mmoja. Ulikuwa na sura ya mzizi wa tangawizi. Msichana aliushika na haukuanguka. Akavuta mstari mwekundu kutoka ukingo wa karatasi hadi mezani, kisha hadi kwenye shati la papa. Papa alilitazama shati, akasema, “Bon, sasa niko na nguo ya sikukuu.” Baada ya hapo aliwachongea na watoto wengine watano.

Sasa nifike kwenye langu. Mimi kuchora sikufundishwa na mtu. Nilijifunza nyumbani kwa kunakili picha za magazeti ya zamani, sina cheti, na kila mgeni akiingia darasani naanza kupangapanga vitu mezani. Tuliposikia kwamba wageni wa ofisi ya elimu watakuja kututembelea, niliitazama ile mipini sita nikaona aibu. Niliibeba nyumbani bila kumwambia mtu. Nikaisugua kwa msasa, nikasawazisha vinundu, nikapaka vanishi tabaka tatu. Iling'aa kama imetoka dukani. Nakiri kwamba nilikaa nikiitazama kwa furaha.

Wageni walipokuja, mpini ulimteleza msichana. Akajaribu tena, ukamteleza. Mara ya tatu hakuuokota. Aliuweka mkono wake chini ya meza na hakuutoa mpaka wageni walipoondoka.

Papa aliporudi, aliuchukua ule mpini akaupitishia kidole gumba. “Nani alilainisha hii?” Mwalimu alinitazama. Watoto wote walikuwa pale. Nikasema, na nilisema haraka, “Labda ni watoto, papa. Wanaishika sana, inalika.” Aliugeuza mpini mkononi. “Alors, batoto benu beko na meno ku mikono,” akasema, na mwalimu akacheka kwa sababu ilibidi mtu acheke. Akaomba kwanga nyingine. Watoto watano walifinya. Msichana alikataa, mkono chini ya meza. Papa alimwambia si kitu, siku atakayotaka msichana, yeye papa atarudi. Watano wale walipata mipini mipya. Kisha mvua zikaanza, naye akaugua.

Nilikusudia kuvuka kwenda kumwambia ukweli. Nilianza kuandika maneno ya kumwambia kwenye daftari, kwa sababu naogopa kusema vibaya. Sentensi ya kwanza ilionekana kama najitetea, ya pili kama naomba sifa. Niliyapanga na kuyapangua kwa wiki nyingi, na kutoka hapa hadi Lubunga ni mwendo wa mtumbwi tu.

Jana nilienda darasani. Nilikaa kwenye kiti kidogo kando ya msichana, nikamwambia kwamba mpini wake niliuharibu mimi, nikamweleza na jinsi nilivyouharibu. Kisha akauliza, “Papa alikufa anafikiri ni miye niliharibisha?”

Sikuwa nimewahi kuliona hilo. Siku zote nilihesabu uongo ule kuwa kati yangu na mzee, kumbe mwenye kuubeba alikuwa mtoto wa miaka mitano, ameketi hatua mbili kutoka nilipokuwa, akinisikia. Nilimjibu kwamba sijui. Ni jibu la kweli, na hakuna tena wa kunipa jingine.

Wasomaji wangu mmezoea kuniona nikiandika juu ya kazi nzuri, kazi iliyokamilika. Leo naandika kinyume chake. Kuna mambo ambayo kuyasubirisha ili yakae sawa ni namna ya kuyakimbia. Ikiwa kuna mtu ng'ambo ya mto anayestahili kusikia neno kutoka kwako, vuka leo, hata kama ukifika utagugumiza na kulisema vibaya.