Vitu Arobaini na Kimoja Nilivyovitoa kwenye Kompyuta ya Muziki

Kariakoo mteja haogopi bei, bei si anapunguziwa. Anaogopa kugeuza mgongo. Akigeuka tu anaamini fundi ameshachomoa kifaa kizima na kupachika kimeo. Ndiyo maana mimi nilijiwekea utaratibu: kazi ikiisha, nasoma kwa sauti orodha ya kila nilichokitoa kwenye mashine, mbele ya mwenye mali na mbele ya yeyote aliye karibu. Nahesabu wakati naandika, nahesabu tena wakati nasoma. Namba zikilingana, mteja anashuka ngazi kifua mbele. Orodha iliniletea watu kuliko bango.

Na orodha hiyo hiyo ndiyo iliyommaliza mtu, nami ndiye niliyekuwa nasoma.

Mwenye kompyuta alikuwa mama mmoja anayekodisha muziki wa harusi. Alipanda ngazi hadi mezani kwangu akihema, nyuma yake mpagazi kabeba mashine kichwani. Jumamosi iliyopita, alisema, bibi harusi anaingia ukumbini, simu zote ziko juu zinapiga picha, muziki ukakata. Spika nane zikalia "ting!", halafu sauti ya mwanamke ikawatangazia wageni wote kwamba kinga ya virusi imekwisha muda wake.

"Mama mkwe mtu alidhani ni mke mwenza," alisema. "Fundi, nataka ipige muziki na irekodi. Basi. Kama inajua kitu kingine, ikisahau."

Kazi yenyewe naijua. Kompyuta ikitoka dukani ni kama nyumba ya kupanga: kuna mwenye hali ya hewa, mwenye habari, mwenye michezo ya karata, na yule anayeisubiri printa ambayo haijawahi kuwepo. Wote wanakaa chinichini, wote wanakula. Muziki nao hauwezi kusubiri foleni. Ukicheleweshwa kidogo tu unakwaruza. Kwa hiyo unawatoa wapangaji mmoja mmoja hadi abaki muziki peke yake.

Mama alikuja na fundi mitambo wake, mtu mzima, shati limepigwa pasi hadi linakata. Walikuwa pamoja, alisema, tangu enzi za spika za mbao. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku ameshika ukingo wa meza, macho kayaelekeza dirishani. Nikajisemea, huyu ana maringo.

Mama aliposogea pembeni kupokea simu, fundi mitambo akaniinamia.

"Mdogo wangu, hicho cha kukuza kioo kiache."

"Kipi, mzee?"

"Hicho cha kukuza. Nimekizoea tu."

"Kila mtu amezoea kitu. Nikianza kubakiza mazoea nitabakiza na karata."

Jirani yangu wa meza, muuza chaja, akacheka. Mzee akajaribu kutabasamu. "Basi toa karata mara mbili, hicho uniachie."

Mtu akishaanza kupatana nami huwa siachi, hata kama sina ninachopata. "Nipe sababu moja," nikamwambia. "Moja tu. Nakuachia."

Akatazama upande ambako sauti ya mama ilikuwa inatokea.

"Huna? Basi kinatoka."

Kesho yake mchana walirudi. Kioo nilikuwa nimekiacha cheusi kabisa, na vitufe vinne tu: Cheza, Simamisha, Rekodi, Zima. Nikaweka wimbo. Mama akafurahi, muuza chaja akatikisa mabega. Fundi mitambo alisimama amekipa kioo mgongo, kichwa kakiinamisha kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Kuna kitu kimebaki humo," alisema. "Kila baada ya muda muziki unashika pumzi. Kidogo sana."

"Mzee, nimehesabu mara mbili."

"Sijasema hujahesabu. Nimesema unashika pumzi."

"Mimi sisikii kitu," mama akasema.

"Hilo pangaboi la juu hilo linazungusha upepo, mzee," muuza chaja akadakia, watu wakacheka.

Kuambiwa hesabu yangu ina tundu, mbele ya watu, kulinikera. Nikachukua karatasi, nikaanza kusoma kwa mbwembwe kuliko siku zote. Moja, hali ya hewa. Mbili, habari. Tatu, karata, poleni wachezaji. Nilivyozidi kwenda ndivyo watu walivyozidi kusogea. Nilipofika thelathini na tatu nikakohoa kama mshehereshaji.

"Thelathini na tatu, kikuza kioo, maandishi yamekuzwa mara nne. Thelathini na nne, herufi za chekechea. Thelathini na tano, kishale kirefu kama mkuki. Thelathini na sita, kioo cheusi maandishi ya njano. Bosi, hii mashine alikuwa anatumia nani, marehemu babu?"

Kicheko kilifika hadi kwenye ngazi. Mama naye alicheka. Halafu akaacha.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Nilirudia kwa furaha, Mungu anajua.

Akamgeukia fundi mitambo. "Hebu soma hapo kwenye kioo."

"Bosi, mbona tena..."

"Soma."

Aligeuka, akanyoosha mgongo, akakielekea kioo. "Harusi," akasema. "Sendofu. Kicheni pati. Kaswida. Kwaya. Za zamani. Matangazo."

Alisoma vizuri, bila kukwama hata mara moja. Alisoma majalada niliyoyaondoa kwenye kioo jana yake.

Muuza chaja ndiye aliyekitazama kioo kwanza, kisha akanitazama mimi. Mzee akaelewa, akaushika ukingo wa meza.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"La kushoto siku nyingi. La kulia tangu Ramadhani."

"Na nyaya za umeme unachomeka vipi?"

"Kwa mikono, bosi. Hata zamani nilikuwa sizitazami."

"Kwenye kumbi zenye watoto wa watu wanakimbia." Hakupandisha sauti. Akanigeukia. "Fundi, orodha yako imefika ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Andika arobaini na mbili."

Muuza chaja alicheka kwanza. Mimi wa pili. Sitasema nilikuwa wa tatu.

Mzee aliaga kila mtu kwa adabu. Alishuka ngazi akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, taratibu, ngazi moja moja. Jana yake alikuwa ameshuka haraka, akiongea kwa sauti kubwa.

Mama akabaki anamsubiri mpagazi. Mimi, kwa mazoea ya mkono, nikapitia mashine tena, mara ya tatu, jambo ambalo huwa sifanyi. Nikakikuta. Kimtambo kidogo cha kutafuta simu za karibu za kuungana nazo. Kila baada ya muda kinaamka, kinatafuta, kinalala. Kila kikiamka muziki unashika pumzi. Ya arobaini na mbili ilikuwepo kweli, na ilikuwa pale alipoisikia.

"Kuna nini?" mama akauliza.

Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Mzee hata Mtaa wa Msimbazi alikuwa hajaufikia. Ningeita angesikia, masikio yale.

"Hamna kitu, bosi. Naweka sawa tu."

Nikakizima. Kwenye karatasi sikuongeza kitu.

Baada ya miezi kadhaa mzee alipanda tena ngazi zile, peke yake, na fimbo. Nilikuwa katikati ya orodha ya mteja mwingine, mtu wa maswali mengi, kasimama kakunja mikono ananihakiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikukatizi sana, nina swali moja. Ule muziki siku ile, ulikuwa unashika pumzi. Ulikikuta kitu?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kuna kwaya huko Temeke wananiita niwasikilizie mitambo. Kusikiliza tu, kushika atashika mwingine. Kabla sijawaitikia nataka nijue kama bado nasikia."

Mteja aliniangalia. Aliiangalia karatasi mkononi mwangu, akaniangalia tena.

"Hakukuwa na kitu, mzee," nikasema. "Nilihesabu mara mbili."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya mwisho.

"Basi hata masikio," alisema. "Ahsante, mdogo wangu. Umenisitiri, ningeenda kuaibika kwa watu."

Fimbo yake ilishuka inagonga. Nilizihesabu ngazi zote hadi chini: kumi na tisa.

"Tuliishia ngapi?" mteja akauliza.

"Kumi na tisa," nikamjibu, nikaanza tena na moja.