Wimbo wa Kinuni Uliokwenda Ulaya

Mimi kusoma nimesoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo, kwa hiyo nikipotea njia humu mnivumilie, nitarudi. Jambo lenyewe ni la kinu. Niliimba mbele ya kamera wimbo usiotakiwa kusikiwa na mwanamume, na wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu aliyeijua ni mume wangu na somo yangu tu. Somo, kwa msiojua mambo yetu ya pwani, ndiye mwanamke anayekushika mkono ukivunja ungo, akakufunza unyagoni. Wangu alikuwa shangazi yangu mwenyewe, mfupi, mkali wa macho. Siku tuliyoapishwa alitutazama mwari mmoja mmoja akasema, "Atakayeyatoa haya nje, asimlaumu mtu tumbo lake likikataa kushika." Nilikuwa mtoto, nikaona ni maneno. Ukishapoteza mbili huoni tena kuwa ni maneno.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya sabini akaja Bagamoyo bwana mmoja wa serikali na mpiga picha wake. Suruali yake pana chini, anafagia nayo mchanga. Wanatengeneza sinema ya kupelekwa nchi za nje. "Huko wanadhani kwetu kuna simba na twiga tu," alisema. "Safari hii wataona watu, na mila zao."

Walitaka wanawake wanane wakitwanga na kuimba. Nafaka wakaja nayo wenyewe: mchele wa dukani, umekwisha kukobolewa, mweupe. Jirani yangu akacheka. "Baba, huu tunautwanga uwe nini tena?"

"Uwe unga, mama. Wazungu hawajui."

Tukaambiwa tuimbe kama siku zote. Wenzangu wakaona haya. Mimi, nasema kweli yangu, nilipenda kuonekana, nikaanzisha. Nilikusudia wimbo wa mavuno. Lakini mikono ina akili zake. Kule ndani, unyagoni, tulifunzwa kwa kinu na mchi, kila pigo lina neno lake, na maana yake si ya kutwanga, mtu mzima anaelewa. Mchi ulipokolea, mdomo ukafuata mchi. Nilishtuka nilipoona jirani yangu ameacha kutwanga. Kisha mwingine. Nikabaki peke yangu, na mstari wa mwisho umekwisha kunitoka.

"Safi kabisa!" Yule bwana akapiga makofi. "Hicho ndicho tunachokitaka. Rudia, mama."

Ningesemaje? Nikikataa, ataniuliza kwa nini. Nikarudia, jasho linanitiririka, wenzangu wameangalia chini.

Tulipokuwa tukinawa, jirani yangu akaninong'oneza, "Umetuuza, bibi wee. Tena Ulaya!"

Somo yangu siku hiyo alikuwa Mapinga, msibani. Sikumwambia. Wenzangu nao hawakusema, maana walikuwepo. Toka hapo, tumbo likiniuma kidogo tu nakimbilia chooni kutazama nguo. Nikiwa napika nawaza, leo sinema iko wapi? Wanaume wangapi wamesikia? Labda yuko mmoja anayejua Kiswahili, anawafasiria wenzake. Na kila nikimwaza huyo mfasiri, naona mtoto ametulia mno.

Mimba ikiwa ya mwezi wa nane, sinema ikarudi. Tukaitwa shuleni baada ya sala ya adhuhuri, madirisha yamezibwa kwa mikeka na kanga. Somo yangu akakaa ubavuni kwangu kabisa.

"Mbona unatetemeka, mwanangu?"

"Mgongo, shangazi."

Nikajiona ukutani. Mdomo ukafunguka, ikatoka sauti ya mwanamume, Kiingereza, na tarumbeta nyuma yake. Wimbo wangu walikuwa wameufuta! Mwalimu akatufasiria: "Anasema akina mama hawa wanamwomba Mungu mvua." Wanaume wakaitikia, "Amina." Nikapumua.

Shangazi hakupumua. Alikuwa akitazama mchi. Vidole vyake vikigonga goti, pigo kwa pigo, na midomo yake ikienda pamoja na ile yangu ya ukutani. Akanishika mkono.

"Umeimba mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho, shangazi. Mara mbili."

"Na tumbo hili?"

"Na tumbo hili."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kesho yake akawakusanya wale saba uani kwake, akaniketisha chini mbele yao niwaombe radhi mmoja mmoja. Sita wakasema, "Nimekusamehe." Jirani yangu akanyamaza mpaka nikaanza kulia.

"Ungeimba vizuri basi," akasema mwishowe. "Mstari wa tatu uliukosea. Tutaonekana sote hatukufunzwa." Shangazi akaangua kicheko, ndipo na yule naye akanisamehe.

Lakini hofu haina radhi. Mtoto alitoka kimya. Mkunga akamgeuza, akampiga kofi, kimya. Nikausikia mchi kichwani, pigo kwa pigo. Ulipofika mstari wa tatu, akalia. Wa kike.

Alipofika umri wa kuwekwa ndani nilimkabidhi kwa somo yake. Wenzangu wakaniita niingie, kinu kinaanza. Nikatoka nikasimama barabarani, mdomo nimeuziba kwa upande wa kanga, mpaka kilipoacha.